Niliita Lori Lije Kuchukua Kutu ya Mume Wangu

Mume wangu alilala mbele ya lori.

Hakuanguka. Alilala kwa hiari yake, chali, juu ya lami yenye unyevu ya Saltley, mtaa wetu huku ughaibuni, akiwa na sare yake ya kuhudumia wazee na beji shingoni.

"Haya, pita," alimwambia dereva. "Nikanyage mimi kwanza, halafu uende nalo."

Majirani walifungua madirisha. Mmoja alikuwa anarekodi.

Juu ya lori lilikuwa limepandishwa gari lake, Peugeot 504 ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

Na aliyeliita lori hilo ni mimi, mke wake wa ndoa ya kanisani.

Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunitukana. Nafasi ya matusi mtaipata, na mengine nitawasaidia kuyachagua.

Naitwa Kemunto. Ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja sasa, hospitalini Bordesley Green, mtaa jirani. Kazi yangu ni kutazama, kuamua na kuandika. Siwavumilii watu wanaoamua polepole.

Ivan, mume wangu, huamua polepole.

Gari lile alilinunua miaka sita iliyopita kwa mjane mmoja wa Wolverhampton. Lilikuja likivutwa, na tangu siku hiyo halikwenda popote kwa nguvu zake. Nyumba yetu ni ya mwisho katika safu, kwa hiyo tuna kiwanja kidogo ubavuni. Wenzetu wamepanda sukuma wiki. Sisi tulipanda Peugeot.

Kutu ilikuwa imekula vizingiti vya milango hadi ngumi ilipita. Sakafu upande wa dereva ilikuwa na tundu, na magugu yalichungulia ndani kama abiria. Paka wa jirani alizalia kwenye buti, mara mbili.

Kila Jumamosi Ivan aliingia chini ya gari na msasa. Jioni alitoka na vumbi jekundu puani, akaniita nione sehemu aliyoisafisha. Sehemu yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kiganja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Unaonaje?"

"Naona mwanaume mzima anayempigia maiti mswaki."

Nilisema hivyo mbele ya wageni. Wageni walicheka. Ivan naye alicheka, nami nikadhani kicheko chake ni kukubali.

Mwezi wa sita alikuja jikoni na simu mkononi.

"Baba amepata viza. Anakuja Agosti."

"Vizuri. Nitaandaa chumba cha juu."

"Nataka gari liwe tayari."

"Tayari kwa nini? Mzee ana miaka sabini na minane. Atapanda teksi kama binadamu."

Ivan alirudisha simu mfukoni, akaenda zake nje. Nikasikia msasa.

Sikumfuata kumuuliza. Niliona ni kisingizio kingine cha mtu asiyejua kuachana na kitu.

Hapo ndipo akaingia Solomon.

Wengi wenu mnamjua mtu wa aina hii hata kama hamumjui yeye. Ni Mkenya mwenzetu, tunasali pamoja. Huuza magari ya mitumba akiwa sebuleni kwake, na hujiita mshauri wa magari. Alikuja kwetu siku Ivan yuko kazini, amevaa ovaroli isiyo na hata doa moja la oili. Mimi muuguzi, nisiyeamini daktari mwenye koti jipya, niliiamini ovaroli ile.

Alizunguka gari mara moja. Akagonga kizingiti kwa funguo zake. Kipande kikaanguka.

"Dada Kemunto," alisema, "hili si gari. Hii ni kutu iliyojifunza kusimama."

Nilicheka sana. Hatimaye, nikajiambia, mtu mwenye akili timamu.

"Kulikarabati inawezekana?"

"Hata Lazaro alikuwa wa siku nne, dada. Huyu ana miaka arobaini na tano."

"Ivan hatakubali."

"Ivan ni ndugu yangu, nampenda. Lakini katika nyumba hii anayefikiri ni nani? Tuseme ukweli."

Nilimwongezea chai.

"Logbook, kadi ya gari, iko kwa jina la nani?" aliuliza, kana kwamba ni jambo dogo.

"Langu."

Ilikuwa kweli. Ivan alipolinunua alikuwa akiishi Coventry, nyumbani kwa mgonjwa aliyemhudumia, na barua zake zilikuwa zikipotea. Kwa hiyo nikaandikwa mimi.

"Basi gari ni lako. Kwetu tunajua, jina likiwa kwenye logbook, mjadala umekwisha. Saini hapa kwamba umelitupa, kisha nipigie siku unayotaka, lori la chuma chakavu litakuja. Sitaki hata shukrani."

Hakutaka hata shukrani. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Alum Rock Road nzima, barabara yetu ya maduka, inajua kwamba mwenye chuma chakavu hulipwa hata kwa mlango wa friji. Lakini nilikuwa nimeshasaini. Ukimkuta mtu anayemdharau unayemdharau, huombi kitambulisho.

Nililiita lori Jumanne, likaja saa nne asubuhi. Ivan alipaswa kuwa zamuni hadi jioni. Mzee aliyekuwa amhudumie alipelekwa hospitali alfajiri, zamu ikafutwa, na Ivan akarudi nyumbani kwa miguu na mkate mkononi.

Akalikuta gari lake limefungwa juu ya lori.

Nilitarajia apige kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu kwa mpangilio. Badala yake aliweka mkate juu ya ukuta, akaenda mbele ya lori, akalala.

Sasa tumefika pale tulipoanzia.

Dereva alishuka. Alikuwa Msomali wa makamo, ndevu zimetiwa hina, na alipofungua mdomo Kiswahili chake kilikuwa cha Garissa kabisa.

"Mzee, amka bana. Lami ni baridi, utashikwa na mgongo."

"Siamki."

"Mimi Gedi ni dereva tu. Nimetumwa. Kama ni mambo ya bibi na bwana, malizeni ndani, mimi nangoja."

"Ivan, amka," nilisema. "Unatuaibisha."

Aligeuza kichwa akanitazama kutoka chini. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mgonjwa anayekusoma usoni kabla hujampa majibu ya vipimo.

"Ulilileta wewe, hili lori?"

"Ndiyo."

"Sawa."

Akainuka. Nikajua nimeshinda. Alizunguka upande wa nyuma wa lori, pengine kuliaga gari lake, akaweka mkono kwenye gurudumu.

Kisha akapitisha kidole chini ya mkanda.

"Kemunto. Njoo uone."

"Nione nini?"

"Hii mikanda."

Nilikwenda. Magurudumu yalikuwa yamefungwa kwa mikanda mipana ya kitambaa, laini, na kila mahali mkanda ulipokaribia bodi palikuwa pamewekwa sponji.

"Chuma chakavu hakifungwi hivi," Ivan alisema. "Chuma chakavu hukamatwa paani kwa makucha ya kreni, kikatupwa. Nani huwekea takataka mto?"

Gedi alinitazama, kisha akamtazama Ivan.

"Chuma chakavu? Nani amesema mimi nabeba chuma chakavu? Mimi nabeba magari ya zamani, ya watu wa maonyesho. Hata hapa mama, wallahi, mimi nimeshangaa mnaliuza."

"Hatuuzi," nilisema.

"Limeuzwa." Akatoa karatasi kwenye dirisha la lori. "Soma."

Nilisoma. Sentensi zilikuwa fupi na wazi, za aina ninayoipenda. Mzigo: Peugeot 504, bodi isiguswe. Kupelekwa: kwa mnunuzi, Solihull. Muuzaji: Solomon.

Nilihisi masikio yakipata moto.

"Hawezi kuuza," nilisema. "Gari ni langu. Logbook ina jina langu."

Gedi alicheka, bila ubaya.

"Mama, wewe ni Mkenya kamili. Hata mimi nilipofika nilidhani hivyo hivyo. Hapa logbook inaonyesha faini ipelekewe nani, basi. Mwenye gari ni mwenye risiti. Imeandikwa hapo hapo juu ya hiyo logbook."

Niliikimbilia logbook ndani, nikaileta. Ilikuwa imeandikwa hapo hapo juu, kwa herufi nzito, kwamba hati hii si ushahidi wa umiliki. Miaka sita ilikaa kwenye droo yangu, ndani ya faili lenye lebo. Mimi ninayewafokea wanafunzi wa uuguzi kwa kutosoma maandishi ya kwenye chupa.

"Risiti ya mjane iko ndani ya gari," Ivan alisema. "Kwenye kisanduku cha mbele."

Ilikuwepo, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Jina: Ivan.

Gedi aliisoma mara mbili, akaanza kulegeza mikanda.

"Mimi sibebi kesi," alisema. "Fungueni geti."

Nilimpigia Solomon palepale. Alipokea kwa furaha.

"Dada, Bwana asifiwe. Wamefika?"

"Uliniambia ni lori la chuma chakavu."

Akashusha sauti.

"Relax, dada. Si wewe mwenyewe huwaambia watu ni maiti? Nimekusaidia kuzika."

"Umeliuza, Solomon."

"Wewe ulilitupa. Mimi niliokota. Kosa langu liko wapi?"

Nimewajibu madaktari bingwa mbele ya wodi nzima. Yule muuza mitumba nilimkatia simu.

Ivan alikuwa jikoni, anakata ule mkate. Alinimiminia chai bila kuniuliza kama nataka. Nikakaa. Kisha nikauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye heshima angeuliza siku ya kwanza.

"Kwa nini hili gari?"

Alikata vipande viwili zaidi kabla ya kujibu.

"Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha kahawa. Hilo unalijua."

"Najua."

"Alimwendesha mwenyekiti kwa 504 nyeupe, miaka ishirini na saba. Kila Jumamosi aliliosha nyumbani kwetu. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika ndoo. Kukaa ndani, hapana. Hata yeye hakukaa nyuma hata siku moja. Mama alipofariki, mwenyekiti alikuja mazishini, akasimama mbele ya watu akasema, 'Pole, dereva.' Jina la Baba hakulijua."

Nilishika kikombe.

"Nilitaka akitua hapa, nimchukue uwanja wa ndege. Akae nyuma, kushoto, mahali pa bosi. Basi. Hakuna kingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, Kemunto? Kabla ya maiti au baada ya mswaki?"

Ndugu wasomaji, hapo sikulia. Kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Msitarajie niwaambie kwamba Agosti gari lilinguruma barabarani huku tukipunga mikono. Gedi alimleta rafiki yake fundi wa kuchomelea, vizingiti vikapata chuma kipya, sakafu ikazibwa. Mimi nilishika taa Jumamosi saba mfululizo. Injini iliwaka, ikakohoa, ikazimika, ikakataa katakata. Baba mkwe aliletwa kwa teksi, kama nilivyosema. Sijawahi kuchukia kuwa sahihi kiasi hicho.

Kwetu Kisii, baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe. Ni heshima, na ni umbali. Kwa hiyo mzee alinisalimia kutoka getini, macho pembeni.

"Mama, hamjambo humu?"

"Hatujambo, Baba. Karibu."

Kisha akaliona gari.

Aliweka mkoba chini. Akalizunguka taratibu, akagusa taa, akagusa kioo, akatoa leso mfukoni na kufuta kishikio cha mlango wa nyuma, kushoto. Ivan alikuwa ametoa simu apige picha.

"Baba, ingia. Leo wewe ndiye unakaa nyuma."

Mzee alifungua mlango. Akasimama kando yake, wima, kisigino kwa kisigino. Akageuka upande wangu.

"Ingia, mama."

"Hapana, Baba, ni kiti chako. Ivan amekitengeneza kwa ajili yako."

"Kiti hiki nimekifuta miaka ishirini na saba," alisema. "Sikuwahi kutamani kukikalia. Nilitamani tu anayekikalia aseme asante."

Hakujua habari za lori. Ivan alikuwa ameapa hakumwambia, na Ivan hana akili ya uongo. Mzee alimfungulia mlango wa mwenyekiti mtu yule yule aliyeita lori.

Niliingia. Nikakaa nyuma, kushoto, juu ya kiti chenye harufu ya paka.

"Asante, Baba," nilisema.

Kisha nikamtazama mume wangu kupitia kioo kisichopanda wala kushuka.

"Asante, Ivan."

Solomon bado yupo. Jumapili iliyopita aliongoza maombi, kwa ufasaha. Mimi simdharau. Dharau yangu niliimaliza nyumbani, kwa mtu asiyestahili, na ndiyo sababu mwizi alipofika hakuhitaji ujanja wowote.

Alihitaji tu kukubaliana nami.