Lori Mtoni, Afande Ukingoni

Jioni ile Fundi Meno alitoka mara moja tu, akaenda duka la dawa la pembeni kununua pamba na chupa ya spiriti. Hata mlango hakuufunga kwa ufunguo. Aliurudishia tu.

Aliporudi alimkuta mtu kwenye benchi la wagonjwa.

Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwembamba, amepakata mkoba wa plastiki. Hakuwa na viatu. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na huko nje mvua ilikuwa haijanyesha mwezi wa pili huo.

"Shikamoo, mama. Leo nimeshafunga. Kama ni jino, njoo kesho asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Meno yangu yapo yote." Aliinua kidole, akaonyesha kabati la kioo. "Mimi nimefuata lori."

Ndipo Fundi Meno alipoelewa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na nusu ya mtaa ilitafuna nyama kwa hisani ya mikono yake. Lakini wagonjwa wakishaondoka, mikono hiyo hiyo ilitengeneza magari ya jeshi, madogo ya kukaa kiganjani, pamoja na udongo wake, nyasi zake na askari wake wa ukubwa wa kidole gumba. Watu walimcheka. Dada yake alikuwa akimwambia, "Wenzako wanalea watoto, wewe unalea vifaru." Yeye alicheka nao, akaendelea.

Mama yule akatoa picha mkobani. Kijana mwenye mashavu ya mviringo alikuwa ameegemea lori la karakana, lile linalofuata nyuma ya msafara likiwa limebeba spea na vyuma vya kuvutia magari yaliyokwama.

"Mwanangu. Alikuwa dereva wake. Waliingia mtoni, wakapotea wote wawili, yeye na lori. Miaka kumi na tisa sasa. Sina kaburi la kupalilia. Nitengenezee mto ule, mwanangu, na lori ndani yake, na yeye kwenye usukani. Na ukingoni umweke afande, amenyoosha mkono, anamwonyesha pa kupita."

"Huyo afande alikuwa nani?"

"Wewe mtengeneze tu. Mikono yako itajua."

Akamkabidhi chupa ya maji ya kahawia. Maji ya mto wenyewe, alisema. Ayachanganye humo. Na mto aumwage kwa awamu tatu, kila awamu jua likizama.

Fundi Meno alitaka kukataa. Lakini mtu akikuambia hana kaburi la kupalilia, unamkatalia vipi? Akapokea chupa. Ilikuwa ya baridi, kana kwamba imetoka kwenye friji.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Ndani ya bakuli pana alichonga kingo kwa plasta ile ile anayochukulia vipimo vya taya. Lori akalipaka rangi, akalichakaza kwa kutu na matope, akamketisha dereva kwenye usukani. Afande alimwacha mwisho. Alimchonga kwa nta usiku mmoja akiwaza mambo mengine kabisa, akampaka rangi, akamgandisha ukingoni kwa gundi kali, ile ukigusisha vidole viwili unakwenda nayo hospitali.

Kisha akarudi nyuma hatua moja kuangalia.

Shingo iliinamia kushoto kidogo. Tumbo lilitangulia mkanda. Kidevu kilikuwa na kishimo.

Alikuwa shemeji yake.

Meja mstaafu, mume wa dada yake, aliyemlipia ada ya chuo, aliyemshika mkono siku walipomzika baba. Fundi Meno alicheka peke yake, kicheko kikavu. Mikono inazoea sura za nyumbani, alijiambia. Ni hivyo tu.

Siku iliyofuata, jua likizama, alimwaga maji ya kwanza. Maji ya kazi hii si maji. Ni rezini, gundi nzito inayochanganywa na dawa yake, ikakauka ngumu na angavu kama kioo. Adui yake mkubwa ni maji yenyewe: tone moja likiingia, yote huwa nyeupe kama uji, haikauki tena. Kwa hiyo alitia matone matatu tu kutoka kwenye ile chupa, kutimiza ahadi, akiwa na hakika atairudia kazi.

Haikuwa nyeupe. Ilitulia, ikawa kahawia, ikawa na kina. Akiinama aliweza kuona chini, mahali ambapo yeye hakuweka chini yoyote.

Na ilinuka. Tope, majani yaliyooza, dizeli.

Asubuhi rezini ilikuwa imekauka. Afande hakuwa alipowekwa. Alisimama hatua mbili mbele, nyayo zake zimeganda ndani ya maji.

Simu ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, shemeji yako miguu imekuwa barafu. Nimemvalisha soksi jozi mbili. Kila nikizivua zimelowa."

"Ni jasho, dada."

"Jasho lina mchanga?"

Mchana kutwa alikosea vipimo, mzee mmoja akaondoka na taya la mtu mwingine. Alikaa, akasimama, akanawa mikono, akanawa tena. Alijaribu kumng'oa afande kwa koleo. Hakusogea. Basi, alijiambia, ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga. Amalize kazi, mama achukue mto wake, yaishe. Jua lilipozama akamwaga awamu ya pili. Hakutia hata tone moja kutoka kwenye chupa.

Asubuhi afande alikuwa majini mpaka kiunoni.

Safari hii hakungoja simu. Alifunga kazi, akaenda kwa dada yake.

Alimkuta mlangoni, macho mekundu. Chumbani, harufu ile ile: tope, majani yaliyooza, dizeli. Meja alilala chali, shuka limemganda kuanzia kiunoni kwenda chini, limelowa chapa. Godoro lilikuwa likidondosha maji sakafuni.

Tii... tii... tii...

"Daktari anasema nini?" Fundi Meno aliuliza.

"Anasema figo. Kesho anasema moyo. Keshokutwa atasema mimi." Kutwa nzima walikamua shuka, mpaka alasiri dada alipokwenda kuchukua ndoo nyingine.

Walipobaki wawili, Meja alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimekunjamana, kama cha mtu aliyefua nguo siku nzima.

"Shemeji," alinong'ona. "Unasikia injini?"

"Hakuna injini, shemeji."

"Ipo. Imekaa gia ya kwanza. Inaniita." Alimeza mate. "Kulikuwa na kijana mmoja. Dereva wa lori la karakana. Alisimamisha gari ukingoni akaniambia, afande, maji yamejaa, tusubiri. Wote walikuwa wananitazama. Ningeambiwa na dereva mbele ya watu? Nikanyoosha mkono. Pita." Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kahawia. "Kwenye ripoti niliandika aliingia bila amri."

Fundi Meno alitoka bila kuaga. Jua lilikuwa limefika juu ya mapaa, jekundu. Hakuwa mkimbiaji, lakini alikimbia. Njiani alikata shauri: awamu ya tatu haimwagi. Afande atabaki kiunoni hapo hapo hata miaka mia, na ile chupa ataitupa chooni.

Alifungua mlango.

Chupa ilikuwa mezani, tupu.

Mto ulikuwa umejaa mpaka juu.

Hakuna aliyemwaga. Makopo ya rezini yalikuwa na vifuniko vyake. Lakini maji yalikuwa yamepanda ukingo kwa ukingo, yamelifunika lori lote, na yalikuwa yakijongea. Polepole... yakizunguka... na katikati, chini ya uso wa maji, mtu wa ukubwa wa kidole gumba alikuwa akizama.

Simu ikaita. Aliipokea na hakusikia maneno. Alisikia mtu akikohoa, kikohozi cha majimaji, na dada yake akilia kwa mbali, "Anazama! Yuko kitandani, anazama!"

Fundi Meno alitumbukiza mkono.

Baridi ilimpanda mpaka begani. Bakuli lile lilikuwa na kina cha vidole vinne, lakini mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko na haukugusa chini. Alipapasa. Akagusa bati. Akagusa kitu kama mlango. Sikioni, karibu kabisa, honi ya lori ililia, ndefu.

Kisha kitu kikamshika kidole.

Mfa maji haachi kutapatapa, na hakiachi anachokishika. Fundi Meno alivuta. Maji yalikuwa yakikauka huku yakimbana kifundo cha mkono. Alichukua mashine ya kuchongea meno kwa mkono wa pili, akakata rezini pembeni mwa mkono wake mwenyewe, damu ikichanganyika na vumbi, huku akisema kwa sauti, "Toka, ndugu yangu, toka! Nimekushika!"

Kikatoka.

Alikaa sakafuni akihema. Kiganjani mwake alikuwa na kisanamu kimoja kilicholowa. Rangi yote ilikuwa imetoka. Uso ulikuwa umefutika, laini kama jino jipya.

Simu ilikuwa bado wazi. "Amepumua," dada alikuwa akisema. "Ametapika maji beseni zima, lakini amepumua. Amekaa. Mungu wangu, amekaa!"

Siku ya pili yake mama yule alikuja saa za jioni, wakati ule ule. Safari hii alivaa viatu. Fundi Meno alikuwa ameshapanga maneno makali, lakini mama hakumpa nafasi. Aliinama juu ya mto uliokauka, akatazama lile tundu lililokatwa, akatazama mkono uliofungwa bendeji.

"Umemtoa," alisema.

"Nimemtoa. Ni shemeji yangu, mama. Najua alichofanya. Lakini ni mume wa dada yangu, siwezi kumwacha afe."

Mama yule hakukasirika. Aliuchukua ule mkono wenye bendeji, akaubusu. Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha furaha.

"Miaka kumi na tisa nimevuta mimi, hakutoka. Mlango wa mwili wa mtu haufunguliwi na mtu baki. Unafunguliwa na wa nyumbani kwake." Akajifuta uso. "Asante, mwanangu. Mungu akulipe."

"Mlango gani, mama?"

Alikuwa ameshafika kizingitini.

"Na mzigo wako?" Fundi Meno aliita. "Lori lako?"

"La nini tena? Baki nalo. Nina haraka, sijafagia chumba."

Akaenda zake. Kwa mtu wa umri ule, alitembea kama msichana.

Wiki ilipita kwa amani, au kwa kitu kinachofanana nayo. Dada alipiga kila siku. Meja anakula. Meja anatembea uani. Meja amekuwa mpole mpaka anaosha vyombo. Anachekacheka. Ila haongei sana, na usiku halali, anakaa akijitazama mikono. Fundi Meno alisema, mgonjwa ni mgonjwa, mpe muda. Yeye mwenyewe usingizi ulimpaa. Alihamisha kiti dirishani, akakirudisha, akakihamisha tena.

Jumapili, giza likiingia, dada alipiga. Alikuwa anazungumza chini chini, kama mtu aliyejificha.

"Shemeji yako ametoka. Amechukua funguo za gari langu."

"Amekwenda wapi?"

"Amesema anakwenda kumsalimia mama yake."

Mama yake Meja walimzika wao wenyewe, mwaka juzi.

"Nilimtazama dirishani," dada aliendelea. "Amelitoa gari kinyumenyume, mkono mmoja kwenye usukani, kwenye ule uchochoro wetu, hata ukuta hakuugusa. Mdogo wangu, miaka ishirini na mitatu nimeolewa na yule mwanaume. Hajawahi kuendesha gari. Hajui hata breki iko wapi."

Fundi Meno aliisikia pumzi yake nzito simuni.

"Akirudi," dada alinong'ona, "nimfungulie geti?"