Watu Kumi na Mmoja

Foleni ya duka la dawa ilikuwa imezunguka kona mbili. Chini, kwenye saruji, mtu alikuwa amechora miduara ya rangi nyeupe, kila mwanadamu na duara lake, kama kuku waliotengwa wasidonoane. Dobi alivaa gauni la manjano lenye marinda aliyoyapiga pasi mwenyewe asubuhi, na barakoa ya kitambaa kile kile. Alipendeza, ila alikuwa haoni. Kila akipumua, miwani ilijaa ukungu. Foleni iliposogea naye akasogea, akakanyaga kiatu cha mtu.

"Dada, hili duara lina mwenyewe," sauti ya kiume ikamwambia.

"Samahani kaka, sioni kitu."

"Nimekuona unavyopapasa. Nikadhani ndiyo salamu ya siku hizi."

"Mmoja mmoja!" mlinzi akafoka toka mlangoni. "Nyie wawili mnataka kutuua?"

Watu wakageuka, wengine wakasonya. Ugonjwa ulikuwa na miezi mitatu tu mjini, na tayari ulishawafundisha watu kumtazama jirani kama mwizi. Yule kijana akarukia duara la nyuma, lakini hakunyamaza.

"Ukifika nyumbani osha vioo kwa sabuni, usisuuze sana, viache vikauke. Halafu kunja karatasi laini uiweke juu ya pua, ndani ya barakoa. Mimi fundi miwani. Kabati langu liko mbele ya posta."

"Asante, Fundi. Na mimi ni dobi. Kola ya hilo shati lako inatia aibu. Lilete."

Alilileta kesho yake. Keshokutwa yake akaleta shati jingine, na siku iliyofuata jingine tena, safi kabisa, limekunjwa vizuri.

"Hili nilifue nini?" Dobi akauliza.

"Nisipoleta nguo nitakuja na sababu gani?"

Dobi akacheka mpaka pasi ikataka kumuunguza. Ndivyo yalivyoanza. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, kimejaa mvuke na harufu ya wanga. Nyuma aliishi na baba yake, mpiga chapa mstaafu aliyemlea peke yake tangu akiwa na miaka minne. Mzee alikuwa na kisukari, na alikuwa na ubao wa drafti ambao hakuna aliyemshinda, kwa sababu alikuwa akiiba kete.

"Mkwe, hujaona? Nimekula mbili."

"Mzee, hiyo kete ilikuwa mfukoni mwako!"

"Mfukoni imefuata nini? Hebu cheza."

Dobi aliwasikia akiwa kwenye pasi, moyo ukamtulia. Wakati mji mzima unafungiana milango, yeye alikuwa na wanaume wawili wanaogombana kwa raha nyuma ya nyumba yake.

Kisha siku mbili zikapita Fundi hajaonekana. Siku ya tatu simu ikalia.

"Kipenzi, niko kwa kaka. Kaniita ghafla nimsaidie kazi. Wiki mbili hivi."

"Bila hata kuniaga? Na mbona unakohoa?"

"Vumbi tu la huku. Wewe mzima? Mzee je?"

"Wote wazima. Mzee anasema umekimbia kichapo."

"Mwambie apumzike. Na wewe usimkaribie sana, mafua ni mengi msimu huu."

"Tangu lini umekuwa daktari wewe? Nenda huko!"

Alicheka akakata simu, akarudi kwenye mapazia ya mwalimu mmoja, mteja wake.

Siku ya tano Mzee akaanza kukohoa. Dobi akamchemshia tangawizi. Ni mafua ya msimu, akajiambia, si hata Fundi kasema ni mengi? Siku ya tisa Mzee hakuweza kumaliza sentensi. Gari la hospitali lilipokuja kumchukua, majirani walichungulia nyuma ya mapazia, na hakuna hata mmoja aliyetoka kusema pole. Dobi naye akapelekwa karantini ya hospitali hiyo hiyo, chumba chenye kitanda kimoja na dirisha lisilofunguka.

Bibi Afya alikuja mlangoni na daftari, amejifunika mpaka kwenye nyusi.

"Nitajie kila mtu uliyekaribiana naye siku kumi na nne hizi. Usimfiche mtu, mwanangu."

Dobi alijua anachotakiwa kukitoa. Akataja nyumba ya wageni ya kona, mteja wake mkubwa. Akamtaja mwalimu wa mapazia, na jirani wa bombani. Alijua gari litapiga king'ora kwenye kila mlango, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayemletea leso tena. Akawataja wote.

"Na mchumba wangu, fundi miwani wa mbele ya posta. Lakini yeye yuko safari."

Kalamu ya Bibi Afya ikasimama.

"Huyo hakusafiri. Alilazwa humu humu, ghorofa ya chini. Kapona, katoka juzi." Akarudisha kurasa nyuma. "Alitaja watu kumi na mmoja. Mlinzi wa posta, kinyozi, mpaka muuza karanga. Wewe hakukutaja."

"Na baba yangu?"

"Hayumo pia. Tungekuja siku ile ile tukampima." Bibi Afya aliona uso wa binti, akatamani angeunyamazia ukweli huo.

Dobi akapiga simu akiwa amesimama.

"Kinyozi ulimtaja," alisema.

Alimsikia Fundi akifunga mlango.

"Muuza karanga ulimtaja. Mimi je?"

"Laazizi, nisikilize. Ulishaiona ile gari yao? Wanashuka na mavazi meupe mpaka usoni, mtaa mzima unatoka kutazama. Nani angekuletea nguo tena? Nilitaka kukusitiri."

"Baba yangu anapumulia mashine."

"Ningejua..."

"Ulijua! Ulikaa naye goti kwa goti mnagombania kete. Ungeninong'oneza tu kwenye simu: naumwa, mpeleke mzee akapimwe. Mtaa ungesikia nini?"

Sauti ya Fundi ikapungua.

"Niliogopa utanikimbia. Wote walinikimbia. Mwenye nyumba alinitupia godoro nje."

"Mimi si wote."

Akakata. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye aliyefua nguo za mji mzima hakuwahi kulitazama shati la mpenzi wake kwa jicho hilo. Alilia mpaka mlinzi wa zamu akagonga kumuuliza kama yu hai.

Mzee alifariki siku mbili baadaye. Dobi hakuruhusiwa kutoka. Shangazi yake ndiye aliyempigia simu jioni, baada ya mazishi.

"Wamemzika, mwanangu. Poa moyo."

"Nani na nani walikuwepo?"

Shangazi akahema. "Waliruhusu wanne. Hata hao wanne hawakupatikana. Binamu zako wamezima simu. Wale wacheza drafti wenzake, kila nyumba niliyogonga niliambiwa mwenyewe hayupo, na viatu vyake naviona mlangoni."

"Sasa nani kamzika?"

"Yule kijana wako. Kaja peke yake, kasema mimi nimeshaugua, siogopi. Kashika jeneza na wale wa mavazi meupe, kashuka mpaka chini kaburini kumpokea. Mimi mwenyewe nilisimama barabarani. Sitakudanganya, niliogopa."

Dobi aliweka simu kitandani asijue amshike nani kwa hasira. Ingekuwa rahisi kama Fundi angekuwa mtu mbaya tu.

Aliporudi nyumbani, mtaa ulimpokea ulivyoweza. Bombani watu walivuta ndoo zao pembeni. Nyumba ya wageni ikatuma mtu kuchukua mashuka yake, akayapokea kwa ncha ya mti. Mwalimu alituma ujumbe kuhusu mapazia: yachome tu. Shangazi aliacha chakula kizingitini, akabisha, akakimbia. Chumba cha kazi kikapoa, pasi ikashika vumbi.

Siku ya sita akabisha mtu ambaye hakukimbia. Fundi alikuwa amekonda, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, kifuani limejikunja vibaya. Dobi aligundua kwamba bado anampenda, na jambo hilo likamkasirisha kuliko yote.

"Nipeleke kwa baba," alisema.

Hakubadilisha nguo. Alitoka na gauni lake la kijivu lenye makunyanzi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Walitembea huyu upande huu wa barabara, yule upande ule, na madirisha yakafungwa mbele yao nyumba baada ya nyumba. Makaburi mapya yalikuwa nyuma ya ukuta, yamepangana, mengi hayana hata ua moja. Fundi akasimama penye tuta la tatu kutoka mwisho.

"Hapa."

Dobi akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Alikuwa mzito?"

"Hapana. Alikuwa mwepesi sana."

Wakalia, kila mtu mahali pake.

"Nisamehe, mama," Fundi akasema.

"Aliyemzika baba yangu nitamshukuru mpaka nife," Dobi alisema. "Aliyeninyamazia sitaki kumwona machoni. Tabu yangu ni kwamba wamekuja wamevaa viatu vile vile."

"Nilitaka kukuoa. Bado nataka. Lakini sasa hata posa sijui nimpelekee nani."

Dobi akasimama, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Wa kupokea posa yangu ni huyo hapo. Mwambie kwanza ulichomficha. Akikuitikia, njoo unigongee."

Fundi akapiga magoti kwenye udongo. Akafungua mdomo, maneno yakamkataa. Dobi alimsubiri, tena muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akashika njia ya nyumbani peke yake.