Bibi Amefurahi, Lakini Hana Raha

Kila asubuhi kabla ya shule, Feza alishuka kijitoni na bidoni yake ya njano, lile dumu la maji, akarudi nayo kichwani, shingo ikimuuma. Kijiji chao, kilicho kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, kilikuwa na pompe ya kuvuta maji ya kisima nyuma ya msikiti. Lakini tangu mwezi uliopita mkono wa pompe ulikuwa umekatika. Watu wakarudia maji ya kijito, na sasa mdogo wake, Djafari, alikuwa anaharisha kwa siku ya tatu.

Feza alikuwa na miaka kumi na mitatu, na darasani hakuna aliyemshinda kwa Kiingereza. Kijiji kizima kililijua hilo, maana yeye mwenyewe alikiambia. Wenzake walimtania kwa kumwita Mwingereza, naye akaitika!

Jumatano moja, baada ya adhuhuri, pikipiki ya Pitchou, dereva wa kukodiwa, ilimleta Madamu Mutale, fundi wa pompe kutoka Zambia. Alikuwa anapita vijijini kuuliza kama pompe zinafanya kazi. Mkalimani wake alikuwa amebaki Kasongo, malaria imemlaza, na Mwalimu Marcellin wa Kiingereza alikuwa bado hajarudi kutoka shuleni.

"Mwingereza yuko wapi?" watu wakaita. "Leo ndiyo siku yake!"

Feza akaja mbio. Mgeni akamgeukia Bibi Aziza, mama wa baba yake Feza, aliyeongoza kamati ya maji. Akauliza kwa Kiingereza maneno mengi ya haraka, na Feza akadaka moja tu, la mwisho: happy. Lo! Hilo alilijua.

"Bibi, anauliza kama una furaha."

"Mwambie nimefurahi sana kumuona," Bibi akasema. "Lakini raha sina. Pompe iko mbovu, mkono umekatika, watoto wanaugua matumbo."

Mkono wa pompe! Kukatika! Feza hakujua aseme vipi. Watu wote walikuwa wanamkodolea macho. Akisema hajui, si watamcheka mwaka mzima?

"Very happy," akasema.

Madamu Mutale akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. Mvua ilianza kudondoka kabla hajaenda kuiona pompe, na Pitchou akampeleka parokiani, alikopangiwa kulala. Alfajiri wangeondoka kwenda Kabambare.

"Amesema nini juu ya pompe?" Bibi akauliza.

"Ataitengeneza," Feza akajibu. Haya, huo ulikuwa uongo wa pili.

Nyumbani alimkuta Djafari amejikunja mkekani, macho yamezama, hana hata nguvu ya kulia. Feza akaogopa sana. Akatoka kwenye mvua, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Marcellin, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu.

"Mwalimu, happy si ndiyo kufurahi?"

"Inategemea. Ukifurahi kwa sababu mgeni amefika, sema glad. Hiyo ni furaha ya jambo moja. Ukisema tu kwamba mtu ni happy, anayekusikia ataelewa kwamba mambo yake yako sawa, ana raha. Kwenye kilio, msibani, mtu anaweza kuwa glad akiona ndugu wamefika kumpa pole. Lakini happy? Kwenye kilio? Kwa nini unauliza?"

Feza akaangua kilio, akamweleza yote.

Mwalimu akavaa viatu vyake tena. "Kosa la neno ningelisahihisha kwa kalamu nyekundu," akasema. "Lakini wewe ulijua kwamba hujui, ukajifanya unajua. Twende. Utasema mwenyewe."

Parokiani, Feza alisimama mbele ya mgeni, nguo zinachuruzika maji. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba bibi yake ni glad, lakini si happy. Maneno yakamwishia hapo. Akanyoosha mkono wake, akaushusha na kuupandisha kama mtu anayevuta maji ya pompe, kisha akauachia ukaning'inia. "Kwaa!" akasema.

Madamu Mutale akafungua daftari. Alikuwa ameandika kwamba pompe ya kijiji hiki ni nzima. Akaikata sentensi ile kwa mistari miwili, na Mwalimu akamtafsiria yaliyobaki.

Kesho yake mgeni hakuondoka alfajiri. Alifunga mkono mpya, na kabla ya adhuhuri maji safi yalimwagika, akina mama wakapiga vigelegele. Djafari alikuwa ameanza kunywa maji ya chumvi na sukari, na jioni ile akaomba chakula.

Bibi Aziza akajaza kikombe, akanywa hadi tone la mwisho.

"Bibi," Feza akauliza kwa sauti ndogo, "sasa wewe ni glad au happy?"

"Sijui," Bibi akajibu. Kisha akafungua kinywa, akagusa meno yake moja moja kwa kidole. "Umeona, mjukuu wangu? Nimesema sijui, na hakuna jino lililong'oka. Aibu ya kusema sijui inapita jioni. Lakini 'najua' yako ya jana ingetufanya tumzike Djafari."

Feza akachukua bidoni yake ya njano, akapanga foleni.