Bwege wa Mtaa wa Swahili

"Ulilia, Kitwana. Ulilia stendi, mchana kweupe, mbele ya wapagazi na wauza karanga."

"Nililia."

"Na wala hukanushi."

"Nikanushe nini, Zamzam? Watu walisema basi lenu limesombwa na maji Rufiji. Usiku kucha sikulala. Mara nakuona unashuka na kikapu chako. Ulitaka nikupigie saluti?"

Zamzam akageukia ukutani asionekane akicheka. Kwa kweli hapakuwa na cha kucheka. Tangu arudi kutoka Lindi alikokwenda kumzika mama yake, uwani hapakuwa na habari nyingine. Nyumba yao ya Mtaa wa Swahili, Kariakoo, ilikuwa na wapangaji chumba kwa chumba, na kila chumba kilikuwa na neno lake la kumwita mumewe. Wanaume walisema bwege. Vijana walisema zuzu. Wanawake, ambao ndio walikuwa wakali zaidi, walisema kalegezwa, kisha wakashusha sauti na kulitaja lile baya kuliko yote: limbwata, dawa ambayo mke humtilia mume kwenye chakula ili apumbazike kwa mapenzi.

Na hapo ndipo penye uonevu, msikilize vizuri. Mwanamume akiitwa bwege huchekwa tu, basi. Likitajwa limbwata, anayehukumiwa ni mkewe. Machozi yaleyale angeyamwaga makaburini wangemsifu kwamba ana utu. Kayamwaga kwa mke aliye hai, wakatafuta mchawi.

"Shangazi yako anakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa," Zamzam alisema. "Anamleta na balozi wa nyumba kumi. Kaapa akihakikisha nimekulisha kitu, narudishwa Lindi na talaka yangu."

"Shangazi hanipangii ndoa."

"Kakulea huyo. Ukimjibu jeuri atasema ni dawa. Kwa hiyo kesho utanifokea."

"Nitafanya nini?"

"Utanifokea mbele yake. Nikileta chai, sema mbaya. Uliza nani kanifundisha kupika. Paza sauti."

"Chai yenye sukari uliyoipangia foleni tangu alfajiri?"

"Kitwana, nakuomba."

Wakafanya mazoezi hapohapo chumbani. Kitwana, mtu wa kubeba magunia ya korosho bandarini, alisimama, akakunja uso, akanyoosha kidole.

"We mwanamke," alinguruma, kisha akakwama. "We mwanamke... umekula?"

Ijumaa ikafika. Shangazi, Bi Zena, aliketi kitandani kama hakimu, Mzee Bushiri balozi akapewa kiti. Zamzam alipiga goti akaamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu Bi Zena bila kumtazama.

Chai ikaletwa. Kitwana akaonja. Zamzam alimkodolea macho.

"Chai hii," Kitwana alianza kwa sauti nzito. Wote wakangoja. "Chai hii ni ya moto."

Bi Zena akapiga kofi pajani.

"Umeona, balozi? Hata kulaumu chai hawezi. Mtoto wangu keshapumbazwa."

Mzee Bushiri akakohoa.

"Ndugu Kitwana, taifa linajengwa. Chama hakitaki wanaume walegevu."

"Ndugu balozi, njoo bandarini Jumatatu unionyeshe niliposhindwa gunia."

"Hayo tuyaache," Bi Zena alikata. "Mimi nataka kitu kimoja. Kama huna dawa tumboni, mtamkie talaka moja tu, tukusikie. Moja. Kesho unamrejea, wala hakuna kilichoharibika. Nijue tu kwamba bado una akili zako."

Zamzam alimtazama mumewe, akajua ni yeye mwenyewe aliyemwanzisha kwenye njia hiyo. Jana alimtaka aseme uongo kuhusu chai, leo wanamtaka aseme uongo kuhusu ndoa.

"Sitamki," Kitwana alisema.

"Ni majaribio tu."

"Hata kwa majaribio. Shangazi, baba alikuwa akimpiga mama, nanyi mkimwita mwanamume kamili. Mama alipokufa hakutoa chozi, mkamsifu ana moyo wa chuma. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nangoja mtu wa kulia naye. Hakuja mtu." Akaweka kikombe chini. "Niiteni bwege. Piteni Kariakoo nzima mkinitangaza, nami nitaitika. Talaka sitamki."

"Umesikia?" Bi Zena alimgeukia balozi. "Hiyo ni dawa inayosema."

Zamzam akainuka.

"Shangazi, kwa heshima zako zote. Hilo limbwata silijui hata rangi. Ila lipo nililomfanyia mume wangu huyu unayemwita mtoto: jana nilimfundisha kunitukana. Nilimwonea haya kwa machozi aliyonililia mimi. Haya hizo zimekwisha."

Akaenda akaketi mkekani ubavuni kwa mumewe, akamshika mkono mbele ya wakubwa, jambo ambalo hakuna mke aliyewahi kulifanya katika nyumba ile. Kitwana alishtuka zaidi ya wote. Mzee Bushiri akaona afadhali anywe chai yake.

"Kama huu mnaouona ni ugonjwa," Zamzam alisema, "mimi sitaki apone."

Bi Zena alijifunga kanga upya, akachukua viatu vyake, akasimama mlangoni. Uwani nje watu wote walikuwa kimya wakitega masikio, naye akahakikisha wanamsikia.

"Mtachekwa nyinyi. Mtachekwa mpaka mzeeke."

"Amina, shangazi," Zamzam akamjibu. "Tuzeeke."