Udongo Ndani ya Beseni

Jumamosi alfajiri, kijijini Nambambo, gunia alimowekwa Bobi, mbwa aliyeuawa kwa sindano, lilikutwa tupu nyuma ya ghala la Amna. Halikuwa limechanika. Kamba ilifunguliwa taratibu, na mbwa hana vidole vya kufungulia fundo.

Koplo Prisca alipofika kutoka Nachingwea mjini alikuta watu wameshachafukwa. Bobi, mbwa wa Amna, alikuwa amemng'ata mtoto wa Swalehe, jirani yake. Kijiji kiliamua auawe, na Amna, mjane, akaonywa kwamba akimficha atahama yeye na kuacha shamba la mikorosho la marehemu mumewe. Dismas, daktari wa mifugo, akamdunga Ijumaa alasiri mbele ya umati. Sasa Rashidy, shemeji yake Amna, alidai amepigiwa simu kwamba Bobi yuko hai, amefungwa shambani Narung'ombe, huko Ruangwa.

"Kamhonga daktari," Swalehe alisema. "Leo anahama."

Prisca akaanza na Dismas. Huyu alieleza kuwa sindano ya kwanza ni ya usingizi, ya pili ndiyo inayoua. Prisca akaikagua chupa ya pili. Kifuniko cha mpira kilikuwa na matundu mawili, na Dismas aliapa alikitoboa mara moja tu. Mtu alikuwa ameinyonya dawa na kutia maji, sanduku la dawa lilipokuwa barazani wakati wa chakula.

"Hukusikiliza moyo?"

"Swalehe alikuwa ananipigia kelele nimalize. Niliogopa, Afande."

Amna naye hakuwa na nafasi ya kutoka usiku. Mke wa Swalehe alilala chumbani mwake kumlinda, maana hawakumwamini hata chembe.

Rashidy alijibu kwa jeuri. Yeye ni mtu wa swala, hajawahi kumgusa mbwa yule, na wanaofuga najisi wana yao.

Prisca akazunguka uani kwake. Kiangazi kile kila tone lilihesabiwa, lakini palikuwa na beseni lililojaa maji yenye udongo mwekundu, na shati linachuruzika kambani. Akamwita Swalehe, akamuuliza nani huosha nguo kwa udongo.

"Mate ya mbwa hayo," Swalehe alisema. "Unaosha mara saba, moja kwa udongo." Kisha akalitazama shati, lililokuwa bado jekundu begani.

"Sindano ya usingizi humtoa mbwa udenda," Dismas alisema. "Ukimbeba begani, unalowa."

Prisca akaomba simu ya Rashidy. Tangu jana hakuna aliyempigia.

Rashidy akaona hakuna pa kutokea. "Shamba ni la kaka yangu," alifoka. "Huyu kaja na nini hapa? Angehama tu, lingerudi nyumbani."

Amna alikuwa amesimama mlangoni.

"Udenda wa mbwa umeuosha mara saba, shemeji. Hili ulilonifanyia utaliosha mara ngapi?"

Rashidy alipandishwa gari la polisi. Lakini uamuzi juu ya Bobi haukufutwa, na jioni Dismas alikwenda Narung'ombe na dawa mpya, pamoja na Amna na Swalehe. Amna alikishika kichwa cha mbwa wake mapajani. Dismas akasikiliza moyo, akasikiliza tena, mpaka ukasimama. Swalehe alikaa pembeni na hakumharakisha mtu.