Hodi ya Kadeti Kabwita

Jumapili ile kulikuwa na manyunyu tu, na Zénon, yule fundi simu wa mjini, alikwenda mtaa wa Point kunywa chai kwa Jacques kinyozi. Chai gani! Alifuata kitu cha mwenzie.

Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya albamu za zamani za vyuo vya jeshi, zile za picha za kadeti waliohitimu, kila mmoja katia sahihi chini ya uso wake. Raha yake ni kumpata kijana ambaye baadaye vita vilimfanya shujaa. Zénon alikuwa na kabati zima, na kadeti wake wote waliishia kuuza magodoro. Jacques alikuwa na albamu moja. Lakini humo alikuwemo Kabwita.

Kabwita aliyeshika daraja peke yake mpaka wakimbizi wakavuka, kisha akatambaa na risasi tumboni, akipiga hodi nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyemfungulia. Alifia mlangoni pa watu.

Jacques akagonga jalada kwa kidole. "Hodi, afande." Akangoja, ndipo akafungua.

"Eish, Yaya Jacques, kaka yangu! Kitabu nacho kinapigiwa hodi?"

"Cheka tu, mdogo wangu. Naanza mimi, asije akaanza yeye."

Wino wa sahihi uling'aa kama wa jana. Zénon akapitisha kidole juu yake. Mali kama hii, na huyu anaiweka kando ya kopo la sukari! Jacques alipokwenda kuongeza maji, albamu ikaingia chini ya koti. Chai haikumalizwa.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe, Epiphanie, na binti yao Anaïs walikuwa kwaya. Zénon akaiweka albamu mezani. Hakupiga hodi. Ampigie nani, na sasa mwenyewe ni yeye? Akafungua, akamtazama Kabwita wake hadi roho ikatulia. Akaenda jikoni kunawa mikono.

"Hodi."

Sauti ya chini. Ya mtu aliyechoka.

Na mdomo una mazoea yake, shoga. Kabla hajawaza, alishaitika:

"Karibu!"

Mlango haukufunguka. Kiti kililia. Kile cha mezani.

Epiphanie aliporudi alimkuta mumewe kaganda ukutani. Akagusa kiti, akanong'ona, "Papa Anaïs, nani alikaa hapa? Kiti iko moto."

Albamu ilirudishwa jioni ileile. Jacques hakugomba. Aliifungua, akamwangalia Zénon kwa huruma. Uso wa Kabwita ulikuwepo. Sahihi haikuwepo.

Iko kwa Zénon, kwenye mlango, upande wa ndani. Epiphanie ameisugua mpaka rangi ya mlango imebanduka, wino uko palepale. Juu ya jina, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Asante kwa kunikaribisha.*

Haya, shujaa si kampata? Majirani tumeacha kwenda. Ukipiga hodi pale, unaitikiwa "Karibu!" mara mbili, na sauti ya kwanza si ya Zénon.