Mawe au Mvuke

"Mvuke, nakwambia! Mvuke unalainisha mifupa!" Mama Chris alifoka, akipunga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyokaangwa, aliokuwa ametoka kuununua.

"Mvuke ni wa wenye mafua," Gathoni alimkata. "Magoti ya Dani yanataka joto kavu la mawe. Sauna!"

"Unasema hivyo kwa sababu biashara ni yako."

"Vyumba vyote viwili ni vyangu! Akichagua mvuke nitapungukiwa na nini?"

Wateja waliangua kicheko. Ndivyo jioni zilivyokuwa pale Kambi Muru, Kibera: Dani, kama Wajaluo wamwitavyo nyanya, akikaanga samaki, mjukuu wake Mitchelle akiwafunga kwenye gazeti, na majirani wakimwaga udaku kuzunguka karai. Hata Gathoni, mwenye ploti na hivyo vyumba vya joto kule Kawangware, alikuja mara kwa mara, na samaki ilikuwa kisingizio tu.

Mitchelle peke yake hakucheka. Yeye alijua kilichofichwa nyuma ya debe la unga: dawa za presha. Dani alikuwa amemwapisha. "Mama Chris akijua, kesho Kibera nzima itajua. Watasema mzee huyu ataangukia mafuta. Nani atanunua kwangu tena? Na wewe utasoma kwa pesa gani?"

Jumamosi Dani, Mitchelle na Mama Chris wakaenda Kawangware. Nyuma ya nyumba ya Gathoni palikuwa na vyumba viwili vidogo. Kimoja kilipashwa joto na mawe yaliyochomwa nje na kuingizwa kwa sepetu. Kingine kilijaa mvuke wa pipa lililochemka, ukinukia mkaratusi.

Mlangoni, Gathoni aliacha mzaha. "Dani, kila mtu lazima nimwulize. Una mimba?"

"Labda kama Sara wa Biblia!"

Walipomaliza kucheka, Gathoni aliendelea. "Shida ya moyo? Presha?"

Dani alimtupia jicho Mama Chris, kisha Mitchelle. "Mimi? Mzima kama chuma!"

Mitchelle alifungua kinywa. Jicho la Dani likakifunga.

Dani alichagua mawe. Mlango ulipofungwa, maneno yake yaliendelea kutoka humo ndani kama redio: nani ameolewa, nani ametoroka na kabati la mumewe. Mama Chris alikuwa akimjibu kutoka nje. Baadaye majibu ya Dani yakawa mafupi. "Eeh." "Mmh." Halafu, kimya.

"Amesinzia," Mama Chris alisema. "Joto ni tamu."

Dani, anyamaze katikati ya udaku? Mitchelle alisogelea mlango. Akisema, na kumbe Dani amesinzia tu, siri itakuwa imemwagika na karai litakosa wateja. Asiposema...

"Dani!" aliita. Hakuna sauti.

"Fungueni!" alipiga kelele. "Dani ana presha! Anameza dawa! Fungueni!"

Gathoni aliuvuta mlango. Dani alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, macho nusu wazi. Walimbeba hadi kivulini, wakamlaza na kuinua miguu yake juu ya stuli. Mama Chris alimpepea kwa leso huku Gathoni akikimbia kumwita Wabwire, muuguzi wa kliniki ya jirani.

Wabwire alimpima presha, akatikisa kichwa. "Imeshuka sana. Joto hushusha presha, na hizo dawa pia hushusha. Vikikutana mwilini, mtu huanguka. Iwe mawe, iwe mvuke, usiingie kabla ya kumwuliza daktari wako. Mngechelewa kidogo..."

Alibaki hapo mpaka presha ikapanda tena na Dani akaweza kuketi na kunywa maji. Dani alimtazama mjukuu wake. "Umetoa siri yangu."

"Nisamehe, Dani. Niliogopa."

Wote wakamgeukia Mama Chris, wakiungojea mdomo wake. Mama Chris aliketi chini polepole, akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge. "Ni dawa kama hizi?"

"Na wewe?" Dani alishangaa.

"Tangu mwaka jana. Niliogopa mtanisema."

"Na ulikuwa unapigania mvuke!" Gathoni alimaka.

"Si leo mngekuwa mnatupepea wawili!" Mama Chris alijibu.

Kicheko kilianza kwa woga, kikaisha kwa machozi. Dani alimvuta Mitchelle karibu. "Sikia, mjukuu wangu. Gathoni aliuliza vizuri, mimi ndiye niliyedanganya, tena nikakufunza kudanganya. Siri ya mtu itunze. Lakini siri inayoweza kumuua haifungwi mdomoni, hata kama mkubwa ndiye aliyekuapisha. Tafuta mtu mzima umwambie."

"Na samaki je, Dani?" Mitchelle aliuliza. "Watu watanunua?"

"Watanunua!" Mama Chris alidakia. "Mpaka apate nguvu, karai nitalishika mimi. Yeye atakaa kando atuamrishe. Hiyo kazi anaiweza."

Gathoni alikuwa ameshafungua mlango wa nyumba, na harufu ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ikawafikia hapo kivulini. "Wabwire, mshike Dani mkono huo. Mitchelle, huu mwingine. Ingieni ndani mkale. Chumvi nimepunguza kwa ajili ya hiyo presha, mtanisengenya mkifika kwenu."